Ulizeni Mbegu Zimetoka Wapi: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Misitu Yetu

Kwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu. Kwa Mhifadhi Mkuu wa Misitu pale Karura. Kwa wasimamizi wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu, kule Muguga. Na kwa magavana wa kaunti zote zenye milima.

Waheshimiwa,

Natumai barua hii inawakuta salama. Mimi ni mwotesha miche. Kitalu changu kiko kando ya Barabara ya Ngong hapa Nairobi, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 19. Nimeuzia shule, makanisa, misikiti, mashirika, ofisi za umma, na wazazi waliotaka mche mmoja tu wa kumpandia mtoto siku aliyozaliwa. Wateja huniuliza bei. Huniuliza urefu wa mche, kama nina gari la kupeleka, kama nitawaongezea michache ya bure. Ila katika kila tenda ya fedha za umma niliyowahi kupata, hakuna hata moja iliyoniuliza mbegu zilitoka wapi.

Ninawaandikia kwa sababu ya swali hilo.

Tangu Desemba 2022 nchi yetu imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, ili asilimia 30 ya ardhi iwe na miti. Tarehe 13 Novemba 2023 tulipewa siku ya mapumziko kwa ajili hiyo, taifa likaombwa lipande miti milioni 100 kwa siku moja. Kitalu changu kilibaki kitupu. Siku ile niliona mlinzi wa geti na mkubwa wake wakichimba shimo moja kwa jembe la kupokezana, na nilifurahi kutoka moyoni. Kwa hiyo msinihesabu miongoni mwa wanaobeza mpango huu. Ninaupenda, na umenilisha. Ninachoogopa ni kwamba tutafika 2032 tukiwa na daftari lililojaa namba, na milimani kuna miti inayoteseka mahali ambapo haikuzaliwa kuishi.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifungua macho.

Mwaka 2017 nilipata oda ya miche 3,000 ya mwerezi, ule ambao wengi wetu huuita mutarakwa, ya kupandwa Kinangop, zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Nilikuwa na mafungu mawili. Mbegu za fungu la kwanza zilikusanywa na jamaa zangu hukohuko juu, upande wa Nyandarua. Za fungu la pili niliuziwa na mchuuzi, akaniambia zimetoka "Ngong, kule chini", kwenye miti mitatu minne ndani ya boma la mtu. Kitaluni mafungu yote mawili yalipendeza. Kusema kweli la pili ndilo lililokua kwa kasi, na nililionea fahari. Nikayapakia kwenye lori moja bila kuyatenganisha kwa alama yoyote zaidi ya rangi ya tyubu za plastiki zilizobeba miche.

Januari iliyofuata, msimu wa usiku usio na wingu, sakitu, ule umande ulioganda, ilianguka Kinangop. Mteja alinipigia simu, nikapanda matatu kwenda kuona. Miche ya fungu la kwanza ilikuwa imeungua ncha kidogo, basi. Ya fungu la pili ilikuwa imegeuka kahawia mstari baada ya mstari, kama imepitiwa na moto. Mzee mmoja aliyekuwa akichunga kondoo pale alinitazama nikigusa majani yaliyokauka, akaniuliza, "Mwanangu, hii miti uliitoa wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa mzee yule. Mchuuzi hakuniandikia chochote, na mimi sikumdai.

Najua mtafiti wa Muguga atanikatiza hapa. Atauliza udongo ulikuwaje, mteremko ulielekea wapi, nani alimwagilia nini. Ana haki. Mimi sikupanga jaribio, niliuza miche tu. Lakini nilianza kusoma na kuulizauliza, na nikagundua kwamba nilichokiona kule kilishaonekana na watu wengine zamani sana.

Sisi husema mti "umezoea" baridi. Neno hilo linatupotosha kidogo. Mtu wa Mombasa akihamia Limuru, kipupwe cha kwanza atavaa makoti mawili, cha tatu atavaa moja. Huyo amezoea. Mti nao huzoea kwa kadiri yake, ndiyo maana sisi waotesha miche huitoa kivulini pole pole na kuinyima maji kidogo kabla ya kuipanda. Lakini yako mambo ambayo mche hauyazoei kwa sababu umezaliwa nayo au umezaliwa bila hayo. Katika msitu wa mlimani mti mama huangusha maelfu ya mbegu. Zinazoota ni chache. Zinazofika kimo cha mtu ni chache zaidi, na zinazozaa mbegu zao wenyewe unaweza kuzihesabu kwa vidole. Wanaofanya uteuzi huo ni sakitu, kiangazi, ukungu, upepo na magonjwa. Mche ulioharakisha kuchipua hukutwa na baridi ukiwa laini. Ule uliochelewa hufunikwa na wenzake. Wakati wa kiangazi maji ndani ya shina huvutwa kwenda juu kama uzi uliokazwa. Ukikazwa kupita kiasi hukatika, hewa huingia kwenye mishipa, na tawi hufa likiwa bado na majani. Miche ambayo jeni zake, yaani vinasaba, ziliipa mishipa inayohimili mkazo huo ndiyo inayobaki kuzaa pale palipo pakavu. Kule juu kwenye baridi, zinazobaki ni koo nyingine.

Vizazi kwa vizazi, aina moja ya mti, yenye jina moja na majani yaleyale machoni petu, inakuwa na koo tofauti kutoka bonde hadi kilele. Mwana hutazama kisogo cha nina.

Wazungu waliliona hili kwa kupata hasara, kama mimi. Katika karne ya 19 Uswidi iliagiza mbegu za misonobari kutoka Ujerumani. Msonobari ulikuwa wa aina ileile inayoota kwao, hivyo hakuna aliyeshuku. Mingi ilikua imepinda, ikadhoofu kwa baridi, na ikaacha fundisho ambalo wakulima wa misitu wa huko hulisimulia hadi leo. Ufaransa, Philippe André de Vilmorin alikwisha kuanza miaka ya 1820 kupanda misonobari ya asili mbalimbali bega kwa bega katika shamba lake la Les Barres. Udongo mmoja, mvua moja, na bado miti ikakua kila mmoja kwa mwenendo wa kwao. Njia hiyo ndiyo inayotumika hadi sasa: chukua mbegu kutoka sehemu nyingi, zioteshe mahali pamoja, tazama tofauti. Tofauti inayobaki baada ya mazingira kuwa sawa imetoka kwenye damu, kama mti ungekuwa na damu.

Uswisi wamefanya hivyo kwa miti ya Milima ya Alps, wakakusanya mbegu kwenye makumi ya maeneo, za bondeni na za juu. Sprusi, mti wa jamii ya msonobari, ilionyesha tofauti kubwa: miche ya wazazi wa juu ilikuwa mifupi na iliacha kukua mapema, kama inayojua msimu wa joto kwao ni mfupi. Firi, mti mwingine wa jamii hiyo unaoishi milima hiyohiyo, haikutofautiana kiasi hicho. Jambo hili nalipenda sana, kwa sababu linatukataza kukisia. Hatuwezi kuchukua kanuni ya mwerezi tukaibandika kwa podo, mti mwingine wa milima yetu. Kila aina inabidi iulizwe yenyewe.

Na Kanada, katika jimbo la British Columbia, watafiti walichungulia jeni za misonobari na sprusi za huko. Miti hii miwili ilitengana kiukoo zaidi ya miaka milioni 140 iliyopita. Hata hivyo, mwaka 2016 walitangaza kwamba kuna jeni 47 ambazo zimetumika na miti yote miwili, kila mmoja kwa njia yake, kujipatanisha na baridi na hali ya hewa ya mahali. Jimbo hilo halikuishia kwenye utafiti. Tangu 2018 limekuwa likihamisha mbegu za misitu kwa kufuata ramani ya tabianchi: mbegu hupelekwa mahali ambapo hali ya hewa inalingana na ilikotoka, na hesabu ya joto linalopanda huingizwa humo. Ni sheria, na miti yao hukatwa kwa biashara, kwa hiyo msidhani walifanya hivyo kwa anasa.

Sasa turudi nyumbani.

Mlima Kenya una nyuso mbili. Upande wa kusini mashariki, juu ya Chuka na Embu, mvua msituni hupita milimita 2,000 kwa mwaka, na ndiko mti wa muthaiti ulikotawala. Zunguka hadi Nanyuki na Timau, ukutane na ardhi ambayo kufikisha milimita 1,000 ni shida. Huko ni mwerezi na mutamaiyo, yaani mzeituni mwitu. Huo ni mlima mmoja, mwendo wa nusu siku kwa gari. Podo iko pande zote mbili. Nikiletewa gunia la mbegu za podo na kuambiwa "za Mlima Kenya", nimeambiwa nini?

Kisha kuna Bonde la Ufa. Sisi wa mashariki yake tuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba, na katikati kipupwe kikavu chenye mawingu. Kakamega na Cherangani mvua huanza Machi na kuendelea miezi mingi bila kukatika, na kiangazi chao kikuu ni kati ya Desemba na Februari. Mti uliolelewa kiukoo na kalenda ya Kakamega ukiletwa Kikuyu utakutana na ukavu Julai na Agosti, wakati ambapo mababu zake walikuwa wakinyeshewa. Uchunguzi wa vinasaba vya mueri, ule ambao magome yake huchumwa kwa dawa ya tezi dume na ambao biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa tangu 1995, umeonyesha tofauti kubwa kati ya mueri wa magharibi mwa Bonde la Ufa na wa mashariki yake. Alama hizo za vinasaba zinaeleza ukoo. Zenyewe hazitoshi kusema ni upi unaovumilia ukame. Kwangu hiyo ni sababu ya kufanya majaribio ya shambani, wala si ruhusa ya kuchanganya mbegu gizani. Ukishapanda mueri wa Kakamega pembeni mwa msitu wa Aberdare, chavua yake haitaulizwa kitambulisho. Itazaa na wenyeji, na hutaweza kuikusanya tena.

Mwerezi wenyewe unaota Mlima Kulal kule Marsabit, kisiwa cha kijani katikati ya jangwa, na unaota Mau. Jina ni lilelile kwenye orodha ya bei.

Nairobi nayo ina sehemu yake, na hapa nitawaomba uvumilivu kidogo kwa sababu ndipo moyo wangu ulipo. Jiji hili limekaa hasa mahali ambapo msitu wa nyanda za juu unakutana na mbuga za Athi. Karura, Ololua na msitu wa Barabara ya Ngong ni ukingo wa chini na wa kukauka wa msitu ule unaopanda hadi Aberdare. Humo kuna muhugu, mukinduri na mutamaiyo. Mutamaiyo wa Karura unaishi karibu na mita 1,700. Wa Timau unaishi mita 2,400 na kuendelea. Joto hupungua kwa karibu digrii 0.6 kila unapopanda mita 100, kwa hiyo kati ya miti hiyo miwili kuna digrii 4 hivi za tofauti, kila siku, kwa maelfu ya miaka.

Fikirini maana yake. Dunia imekwisha kupata joto kwa zaidi ya digrii 1 tangu enzi za kabla ya viwanda. Kwa hesabu ileile, ni kama kila msitu umeshushwa mlima zaidi ya mita 150 bila kuondoka ulipo. Mche wa mutamaiyo tunaoupanda leo tunatumaini utasimama miaka 200, na joto utakaloliona katika uzee wake si hili letu. Mabaki ya misitu yaliyobanwa na maghorofa na barabara za jiji hili huenda ndiyo yenye koo zinazojua joto ambalo Limuru na Kinangop watalipata baadaye. Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiitetea Karura mwaka 1999. Waliokoa hewa na vivuli vyetu, na nadhani waliokoa pia ghala la mbegu ambalo hatujaanza kulitumia.

Ndiyo maana sisemi "mbegu za pale pale tu, basi". Mwanzoni nilisema hivyo, baada ya Kinangop, na kwa miaka miwili nilikuwa mkaidi juu yake. Nimebadilika. Kwa sehemu ya juu iliyo na sakitu, kikubwa cha miche kitoke jirani, na juu yake iongezwe sehemu iliyochukuliwa hatua moja chini ya mlima, mita 200 au 300, kutoka upande huohuo wa mvua. Sakitu bado ipo leo, joto linakuja. Mchanganyiko unaipa asili yenyewe nafasi ya kuchagua. Lakini mchanganyiko wa kukusudia, ulioandikwa, uko mbali sana na ule nilioupakia kwenye lori.

Kuna jambo la pili ndani ya hili, na ni idadi ya mama. Kanuni inayofundishwa kwa wakusanya mbegu ni kuchukua kutoka angalau miti 30 iliyoachana mita 50 hadi 100, ili usikusanye kutoka kwa ndugu. Hakuna anayefanya hivyo kwa mbegu zinazofika vitaluni kando ya barabara. Tunachuma kwenye mti ulio rahisi kufikiwa, ambao ni mti uliobaki peke yake shambani, mara nyingi uliojichavusha wenyewe au kuchavushana na dada yake. Mti wa grevilia ni kielelezo. Ililetwa kutoka mashariki mwa Australia kwa ajili ya vivuli vya chai na kahawa, mbegu chache, kisha tukarithishana shamba kwa shamba kutoka miti michache hiyohiyo. Watafiti waliolinganisha grevilia zetu na za kwao asili walikuta zetu zimefinywa kiukoo. Na paini ya California je? Kwao kwenye pwani mvua hunyesha majira ya baridi na joto huja kavu. Ilipoletwa kwenye nyanda zetu zenye unyevu na joto kwa pamoja, ugonjwa wa majani uliishambulia hadi upandaji wake ukaachwa miaka ya mapema ya 1960. Wazee wa idara ya misitu waliokuwapo wakati huo hawakuhitaji kufundishwa kwamba mti ni mali ya tabianchi fulani.

Ninachowaomba kinawezekana, na sehemu kubwa ya kazi imekwisha kufanywa na watu wenu. Kituo cha mbegu cha KEFRI kule Muguga kinaweka kumbukumbu za mahali mbegu zilipokusanywa. Ramani ya uoto wa asili wa Afrika Mashariki, iliyoandaliwa na kituo cha kilimo mseto pale Gigiri pamoja na Chuo Kikuu cha Copenhagen, inahusu nchi kadhaa ikiwemo yetu, na yeyote mwenye simu anaweza kuifungua bure aone ni msitu wa namna gani uliostahili pale aliposimama. Kwa mti wa mukau wa ukambani mlifanya vizuri mno: pamoja na Wajapani, KEFRI ilizunguka nchi kavu ikachagua miti mama iliyo bora, ikaanzisha mashamba ya mbegu Kitui na Kibwezi. Leo mkulima wa Kitui anaweza kupata mbegu ya mukau yenye historia. Kwa nini mwerezi, podo, mueri na mutamaiyo, miti inayoshikilia maji tunayokunywa, isipewe heshima hiyo? Maji ya bomba yanayofika Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, chini ya Aberdare. Msitu ule ukidhoofika, tutajua jikoni.

Basi, kwanza, tenda. Kila tenda ya miche inayolipwa kwa fedha za umma iwe na sehemu ya lazima: mbegu zilikusanywa msitu gani, kimo gani, upande gani wa mlima, kwenye miti mama mingapi, mwezi na mwaka gani. Asiyeweza kujaza asilipwe bei sawa na anayeweza. Mkiweka hilo peke yake, biashara yetu itabadilika ndani ya misimu miwili, kwa sababu sisi wafanyabiashara huenda bei inakoelekea. Na mtu akipanda mti kisha akausajili kwenye JazaMiti, ile programu ya simu ya kusajili miti, asili ya mbegu iwe na nafasi yake humo, kando ya jina la mti na mahali ulipopandwa, isiyoweza kurukwa.

La pili ni muda, na hili linaniuma zaidi ya bei. Oda za umma hutufikia wiki chache kabla ya mvua. Septemba unaambiwa unahitajika kuleta miche 20,000 Novemba. Mwerezi hukaa kitaluni zaidi ya mwaka. Mbegu za mueri hazivumilii kuwekwa. Inabidi zisiwe zimekauka, zipandwe mara baada ya kuchumwa. Oda ya wiki sita haiwezi kujazwa kwa uaminifu. Hujazwa kwa kununua chochote kilichopo, popote kilipo, na kukichanganya. Mnaweza kutuagiza leo kwa mvua za mwaka kesho kutwa, na malipo kidogo ya awali ili tulipe wakusanya mbegu. Mkifanya hivyo, vyama vya jamii vinavyolinda misitu vingepata kazi ya kukusanya mbegu kwa kanuni, na mti mama uliosimama ungekuwa na bei kubwa kwa mwenyeji kuliko mkaa wake.

Tatu, majaribio. Chagueni aina nne au tano za milimani. Mbegu kutoka pande zote, kutoka Marsabit hadi Mau, kutoka Karura hadi Kinangop. Ziotesheni pamoja mahali pa chini, pa kati na pa juu, na mziache miaka 20 mkizipima. Muguga mna watu wanaojua kazi hii kuliko mimi kwa mbali. Nchi ina ardhi. Kazi hii haina utepe wa kukatwa wala picha nzuri ya gazeti, na mwaka wa tatu bajeti itataka kuikata. Waheshimiwa, msiikate.

Kwa magavana nina neno fupi. Mabaki madogo ya misitu katika kaunti zenu, vile vijisitu vya mtoni na kwenye makaburi ya zamani, visihesabiwe kwa ekari tu. Kabla ya kuidhinisha barabara au soko, tumeni mtu akaangalie kama kuna miti mama ya mwisho ya ukanda ule. Ikishakatwa hakuna kitalu kitakachowarudishia.

Upande wangu nimeanza. Msimu uliopita nilikusanya mbegu za mutamaiyo kutoka miti mama 31 kati ya Karen na Ngong, kwa idhini ya wenye mashamba. Kila mti una namba, kimo na tarehe kwenye daftari. Nina miche 640 iliyopona. Imekaa upande wa kushoto unapoingia kitaluni, chini ya wavu mweusi, kila fungu na kibao chake cha bati kilichochorwa kwa msumari ili mvua isifute. Kuna mtu alitaka kuichukua yote wiki mbili zilizopita kwa oda ya haraka, nikamuuliza inapelekwa wapi, akasema hajui bado, ataambiwa kwenye lori. Sikumuuzia.

Miche hiyo naitoa bure kwa jaribio lolote mtakalolianzisha. Mtume gari na mtu mwenye kalamu. Daftari nitampa anakili lote.

Wenu katika kazi,

Mwotesha miche, Barabara ya Ngong, Nairobi